Robert E. Howard (1906–1936): Mwandishi wa Kauboi na Mizimu na Deni la Masimulizi

Utangulizi

Fasihi simulizi haifi pale kalamu inapozaliwa. Mara nyingi huhamia ndani ya maandishi, ikabadili mavazi na kuendelea kuishi humo, japo si kila mwandishi anayekiri amemkopa nani. Ukweli huu unajidhihirisha katika maisha ya Robert Ervin Howard, mwandishi wa Texas, Marekani, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 30 tu. Wengi humjua kama muumbaji wa Conan, shujaa mwenye upanga ambaye sinema ya mwaka 1982 ilimfanya kuwa maarufu duniani. Wachache humjua kama mmoja wa waasisi wa utanzu mwingine: hadithi zinazochanganya maisha ya kauboi wa nyika za Marekani na mambo ya kutisha, yaani mizimu, laana na wafu wasiolala. Utanzu huo leo una riwaya zake, filamu zake, na hata michezo ya uigizaji inayochezwa mezani. Makala haya yanayafuata maisha ya Howard kwa kuangazia chemchemi alimoteka hadithi hizo, na deni aliloliacha.

Kuzaliwa na Malezi

Howard alizaliwa Januari 1906 katika kijiji cha Peaster, Texas. Baba yake, Isaac Mordecai Howard, alikuwa daktari wa mashambani. Mama yake, Hester Jane Ervin, aliugua kifua kikuu kwa miaka mingi. Robert alikuwa mtoto wao wa pekee, na mapenzi ya mama huyo mgonjwa yalimlea na pia yakamfunga hadi siku yake ya mwisho.

Daktari Howard hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Aliihamisha familia kutoka mji hadi mji, akifuata kila palipovuma habari za reli mpya au ardhi mpya. Mtoto hakupata rafiki wa kudumu, lakini alipata kitu kingine. Kila walikohamia palikuwa na wazee waliokumbuka vita na Wakomanchi, uhasama wa koo, misafara ya ng'ombe kwenda kaskazini na majambazi waliouawa mchana peupe. Texas ya utotoni mwake ilikuwa bado karibu sana na historia yake. Mtu aliyekuwa na miaka 60 wakati huo aliweza kusimulia kwa macho yake mambo ambayo vitabu vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kuyaandika.

Miongoni mwa watambaji hao wote, wawili walimwachia alama isiyofutika, na wote walikuwa wanawake. Wa kwanza alikuwa nyanya yake, aliyechanganya visa vya mababu waliotoka Ireland na Uskoti na vile vya mashamba makubwa ya kusini mwa Marekani. Alimsimulia mjukuu wake juu ya gari lisilokokotwa na farasi linalotembea usiku likiwa limejaa vichwa vya watu, na juu ya majumba yaliyohamwa, magugu yakiwa yameota hadi barazani na njiwa wa ajabu wakiruka kutoka kwenye kingo zake.

Wa pili alikuwa Mary Bohannon, mpishi aliyefahamiana na familia hiyo walipoishi Bagwell, mashariki mwa Texas. Mary alikuwa ameonja utumwa katika usichana wake. Tangazo la kuwaachilia watumwa wa Texas lilitolewa tarehe 19 Juni 1865, na aliyoyaona kabla ya siku hiyo hakuyasahau. Alimsimulia mtoto wa daktari kuhusu bibi mwenye shamba aliyewatesa watumwa wake, na kuhusu mizimu iliyobaki katika nyumba za namna hiyo baada ya wenyewe kuangamia. Howard alipokuwa mtu mzima aliwataja wanawake hawa wawili katika barua zake kama chanzo cha hofu zake za kwanza. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika masimulizi ya Mary, mzimu haukuwa pambo la hadithi. Ulikuwa ni kumbukumbu ya dhuluma isiyolipwa.

Ujana na Kalamu

Mwaka 1919 familia ilitua Cross Plains, mji mdogo wa katikati ya Texas, na huko ndiko Howard alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobakia. Muda si mrefu mafuta yakagunduliwa katika eneo hilo. Wachimbaji, wacheza kamari na walaghai wakamiminika, na mji ukafurika watu usiku na mchana. Kisha visima vikapungua, umati ukatawanyika, na wenyeji wakaachwa na matope na madeni. Howard aliichukia hali hiyo kwa dhati. Kutokana nayo alijenga imani iliyotawala kazi zake zote: kwamba ustaarabu ni ganda jembamba, na chini yake ukatili wa mwanadamu unasubiri zamu yake.

Alimaliza masomo ya sekondari mjini Brownwood mwaka 1923. Humo aliwapata marafiki wawili wa maisha, Tevis Clyde Smith na Truett Vinson, ambao pia walipenda kuandika. Hakuwa na hamu ya kazi za kuajiriwa, ingawa alizifanya nyingi. Alichuma pamba, aliuza dukani, alikuwa karani wa hatimkato, alimbebea vifaa mpima ardhi, aliandika habari za visima vya mafuta magazetini, na aliuza soda katika duka la dawa. Hiyo ya mwisho nusura imvunje afya. Baba yake alipomtaka asomee uhasibu, alikubali kwa sharti kwamba akimaliza apewe nafasi ya kujaribu uandishi. Mwaka 1927 alimaliza, na baba akatimiza ahadi.

Wakati huo soko la hadithi fupi nchini Marekani lilikuwa majarida ya bei nafuu yaliyochapwa kwenye karatasi duni. Mojawapo lilikuwa Weird Tales, lililoanzishwa mwaka 1923 kwa ajili ya hadithi za ajabu na za kutisha. Howard aliliuzia hadithi yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka 18, nayo ikachapishwa Julai 1925. Alilipwa dola 16, kwa kiwango cha nusu senti kwa kila neno. Kwa malipo ya namna hiyo, mwandishi aliyetaka kula kwa kalamu yake alilazimika kuandika bila kupumzika. Howard aliandika hivyo hasa. Majirani walimsikia usiku akipiga taipureta huku akiyatamka kwa sauti kubwa maneno aliyokuwa akiyaandika. Ni desturi inayomkumbusha msomaji kuwa mwandishi huyu, hata alipokuwa peke yake chumbani, alitunga kama mtambaji aliye mbele ya hadhira.

Afrika ya Kubuniwa

Kazi zake za mwanzo zilikwenda mbali na nyumbani. Agosti 1928 Weird Tales ilichapisha hadithi ya kwanza ya Solomon Kane, mpiga upanga Mwingereza wa karne ya 16 anayezunguka dunia akipambana na uovu. Sehemu kubwa ya safari za Kane inatokea Afrika. Howard hakupata kukanyaga bara hili wala kulichunguza kwa makini. Afrika yake ni msitu usio na mwisho, ngoma za usiku na miji iliyopotea. Ni Afrika ileile iliyokuwa imeshachorwa na wasimuliaji wa kikoloni kabla yake.

Hata hivyo, ndani ya picha hiyo potovu kuna mhusika anayestahili kutazamwa mara mbili. N'Longa, mganga Mwafrika, anaanza kama kichekesho, akizungumza lugha iliyovunjikavunjika. Kadiri hadithi zinavyosonga, ndiye anayegeuka kuwa mwenye ujuzi kuliko Kane, na ndiye anayempa Mwingereza huyo fimbo ya kale inayomwokoa tena na tena. Katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1931, Kane anaukuta msafara wa watumwa na kuwashambulia wafanyabiashara wao. Kwa hiyo kazi hizi zina mvutano wa ndani. Mwandishi anamdunisha Mwafrika katika maelezo, kisha anamtegemea katika muundo wa kisa. Mvutano huo hakuubuni. Aliurithi kutoka katika jamii iliyompa hadithi kupitia vinywa vya watu iliowadharau. Hakuuvuka pia, kwani barua na hadithi zake kadhaa zimejaa dharau kwa Wamarekani Weusi, na mhakiki hana sababu ya kulificha jambo hilo.

Kurejea Nyumbani

Mwaka 1930 Howard alianza kuandikiana barua na H. P. Lovecraft wa Providence, Rhode Island, aliyekuwa tayari gwiji wa hadithi za kutisha. Hawakuwahi kuonana, lakini barua zao, nyingine zikiwa ndefu kama makala, ziliendelea kwa miaka sita. Walibishana kuhusu ustaarabu na ushenzi, kuhusu mwili na akili. Lililo muhimu zaidi kwa mada hii ni kwamba Howard alijikuta akimsimulia mwenzake habari za Texas: mauaji, uhasama, visa vya wazee, na vile vya nyanya yake na Mary Bohannon. Lovecraft alivutiwa na akamhimiza atumie hazina hiyo katika kazi zake. Ilikuwa kama mtu aliyesafiri dunia nzima akitafuta kisima, kisha mgeni akamwonyesha kile kilicho uani kwake.

Mei 1932 Weird Tales ilichapisha hadithi yake iitwayo The Horror from the Mound, ambayo wahakiki wengi huihesabu miongoni mwa hadithi za mwanzo kabisa za kauboi na mizimu. Mhusika mkuu, Steve Brill, ni kauboi aliyegeuka mkulima na ambaye mazao yake yameharibika. Karibu na shamba lake kuna kichuguu cha kale. Jirani yake Mmeksiko, Juan Lopez, hukikwepa kichuguu hicho kila anapopita usiku, wala hakubali kusema sababu kwa kuwa amefungwa na kiapo cha ukoo. Brill anadhani kuna dhahabu ya Wahispania humo, anachimba, na anamfungulia mnyonya damu aliyezikwa tangu karne ya 16. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekua akisikia habari za mumiani hatakosa kuihisi hofu hiyo.

Muundo wa hadithi hiyo ni rahisi, lakini maana yake ni nzito. Anayejua siri ya ardhi ni yule asiyesikilizwa. Mwenye tamaa anaidhania hekima ya jirani yake kuwa ni ushirikina, naye analipa gharama ya kutosikiliza. Texas ya Howard haikuwa ardhi tupu iliyowasubiri wahamiaji. Ilikuwa na tabaka za waliotangulia, yaani wenyeji wa asili, Wahispania, Wameksiko na watumwa, na kila tabaka lilikuwa na wafu wake.

Wazo hilo linarudi katika Old Garfield's Heart ya Desemba 1933. Mzee mmoja aliyeuawa vitani enzi za ujana wake alirudishiwa uhai na mganga wa kabila la Walipan, aliyempandikizia kifuani moyo wa mungu wao. Mzee huyo hawezi kufa mradi moyo huo unapiga, lakini moyo si wake. Ni mkopo, na lazima urudishwe kwa wenyewe. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa uhusiano wa wahamiaji na wenyeji wa nchi ile.

Katika The Dead Remember, iliyochapishwa na jarida la Argosy Agosti 1936, Howard alikwenda mbali zaidi. Kauboi mmoja, akiwa amelewa, anawaua mtu Mweusi na mkewe. Mwanamke huyo anamlaani kabla ya kukata roho, na laana inamfuata muuaji hadi Dodge City, Kansas, inapommaliza. Kisa chote kinaelezwa kwa barua na maelezo ya mashahidi, bila sauti ya msimulizi anayejua yote. Sheria ya nchi haikumgusa muuaji, ila kumbukumbu ya waliouawa ilimfikia. Hapa mzimu ni ule wa Mary Bohannon, unaodai haki yake.

Katika miaka hiyohiyo Howard aliandika pia visa vya Conan, vilivyoanza kuchapishwa Desemba 1932, na vichekesho vya Breckinridge Elkins, jitu la milimani lenye nguvu nyingi na akili chache, vilivyoanza mwaka 1934. Hata Conan hakuiepuka Texas. Beyond the Black River ya mwaka 1935 ina ngome, msitu na walowezi wanaoshambuliwa na wenyeji waliowapokonya ardhi, na mwishoni walowezi wanashindwa. Ni historia ya mpaka wa Marekani iliyovishwa joho la kale.

Miaka ya Mwisho

Mwaka 1934 alianza urafiki wa karibu na Novalyne Price, mwalimu kijana wa Cross Plains aliyetamani naye kuwa mwandishi. Walizunguka kwa gari mashambani wakibishana kuhusu vitabu na maisha. Uhusiano huo haukufika kwenye ndoa. Kikwazo kimojawapo kilikuwa hali ya mama yake, ambaye ugonjwa ulikuwa umezidi na ambaye Howard alimuuguza kwa mikono yake, akikosa usingizi na muda wa kuandika. Gharama za matibabu zilipanda wakati Weird Tales ilikuwa ikimdai subira: jarida hilo lilikuwa na deni lake la zaidi ya dola 1,000. Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa familia ya kijijini katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi.

Juni 1936 mama yake alizimia. Asubuhi ya tarehe 11, baada ya kuambiwa na muuguzi kwamba hatazinduka tena, Howard alijitoa uhai. Alikata roho jioni ya siku hiyo. Mama yake alifariki siku iliyofuata bila kujua, na wote wawili walizikwa pamoja Brownwood. Kifo hicho mara nyingi kimezungumzwa kana kwamba ni sehemu ya hadithi zake. Si hivyo. Ulikuwa msiba wa mtu aliyechoka, aliyebeba mzigo wa uuguzi kwa miaka mingi pasipo msaada, katika jamii iliyomwona kijana asiyefanya kazi ya maana kwa sababu tu kazi yake ilikuwa kuandika.

Urithi Wake

Mei 1938, karibu miaka miwili baada ya kifo chake, Weird Tales ilichapisha Pigeons from Hell. Wasafiri wawili wanalala katika jumba lililohamwa la shamba la kusini, na njiwa wanaruka kutoka kwenye kingo za baraza. Ni njiwa walewale wa nyanya yake. Lakini kiini cha kisa ni mwanamke wa ukoo wa wenye shamba aliyempiga na kumtesa mtumishi wake mwenye damu ya Kiafrika, na hapo yanasikika masimulizi ya Mary. Msomaji anaongozwa kudhani kwamba jitu la kutisha lililobaki gizani ni yule mtumishi aliyelipiza kisasi. Mwishoni inabainika kuwa ni bibi mwenyewe, aliyegeuzwa na mtumishi huyo kulipiza ukatili wake. Masimulizi mawili ya utotoni yalikutana katika kazi moja, na wengi huiona kuwa hadithi bora ya kutisha aliyopata kuiandika.

Baada ya hapo mbegu aliyoipanda ilienea. Gary Gygax, mmoja wa waundaji wa mchezo wa Dungeons & Dragons, alimtaja Howard mwaka 1979 miongoni mwa waandishi waliomwathiri. Mwaka 1996 mbunifu Shane Lacy Hensley alitoa Deadlands, mchezo wa mezani unaotokea katika nyika za Marekani za karne ya 19 ambamo wafu wanaamka na hofu yenyewe inaitawala nchi. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akibeba nafsi ya mhusika kama vile kauboi, mcheza kamari au mganga. Msimamizi, aitwaye Marshal, husimulia yanayowakabili, nao hujibu kwa maneno. Dadu na karata huamua nani afaulu. Hapana jukwaa wala maandishi yaliyokamilika. Kisa kinazaliwa papo hapo kati ya msimulizi na wasikilizaji. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona kwamba utanzu huu, baada ya kupita majaridani, umerudi ulikotoka: kwa fanani na hadhira yake.

Mchezo huo ulirithi pia lile deni. Katika matoleo yake ya kwanza, majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa yalibuniwa kuwa bado ni taifa linaloishi sambamba na Marekani. Katika toleo la mwaka 2020 waundaji walibadilisha historia hiyo ya kubuni na kuliondoa taifa hilo. Wapo waliolalamika na wapo waliopongeza. Jambo lililo dhahiri ni kwamba katika utanzu huu, mzimu wa utumwa hauzikiki kwa urahisi.

Hitimisho

Nyumba ya akina Howard huko Cross Plains imehifadhiwa kama makumbusho, na chumba kidogo alimoandikia hutembelewa na wapenzi wa kazi zake. Aliishi miaka 30, akaandika mamia ya hadithi na mashairi, na hakuona kitabu chake hata kimoja kikichapishwa Marekani. Alipotafuta visa mbali, aliokota picha zilizokwishatumiwa na wengine. Alipogeukia yale aliyosikia jikoni na barazani, aliumba kitu kipya. Alichukua kwa nyanya yake na kwa mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa, na ingawa aliwataja katika barua, hakuwapa heshima kamili katika kurasa. Wanaokusanya masimulizi ya wazee na kuyatia katika maandishi wana la kujifunza hapo. Moyo wa mzee Garfield ulipiga kwa nguvu katika kifua cha mwingine, lakini haukuwa wake, na wenyewe walikuja kuuchukua.